Silabasi Imekwisha? Jawabu kwa Wazazi wa Songea

Katika mikutano ya wazazi ya shule za msingi za Songea, tangu Lizaboni hadi Mshangano, na tangu Ruhuwiko hadi Bombambili, kuna swali moja lisilokosa kuulizwa, na aghalabu huulizwa na mzazi mwenye bidii kuliko wenziwe, aliyeacha shughuli zake ili ahudhurie, na anayeamini kwamba kwa kuliuliza anawazindua walimu wasilale: "Mwalimu, silabasi mmeimaliza?" Mwalimu mkuu humtazama mwalimu wa taaluma, mwalimu wa taaluma huinuka, hukohoa kidogo, akajibu kwamba darasa la tano lilimaliza tangu Juni, na darasa la sita limekwisha kuanza mada za darasa la saba. Watu hupiga makofi, na katibu huandika katika kumbukumbu kwamba taaluma inakwenda vyema. Nimeyasikia makofi hayo katika kazi ya uthibiti ubora wa shule, tangu enzi tulipoitwa wakaguzi, mara nyingi kuliko niwezavyo kustahimili. Na kwa kuwa adabu ya ugeni haikuniruhusu kuyakatiza palepale, namwomba msomaji aniwie radhi nikiyakatiza hapa.

Sitamchosha mtu kwa kumweleza mtaala ni nini. Itoshe kukumbuka kwamba Taasisi ya Elimu Tanzania hutunga mtaala na muhtasari wa kila somo. Kwamba mwalimu huusoma muhtasari huo, huhesabu wiki alizo nazo, akaandika azimio la kazi lenye kuonyesha umahiri unaotafutwa, shughuli, mwezi, wiki, idadi ya vipindi, zana, rejea na namna ya kupima. Kwamba katika azimio hilo hutoa andalio la somo la kila siku. Na kwamba akiisha kufundisha huandika katika shajara alichokifundisha na siku aliyokifundisha. Haya kila mwalimu aliyepita chuoni anayajua, na mzazi hahitaji kuyajua zaidi ya hapo. Lakini iko safu moja ya mwisho kabisa katika azimio, nyembamba, iliyobanwa pembeni mwa karatasi kana kwamba mchora jedwali alikuwa ameishiwa nafasi, nayo huitwa "Maoni". Na kama mzazi angeniomba nimwonyeshe pahali pamoja tu pa kutazama ili ajue shule ya mwanawe ni hai au ni maiti, ningemwonyesha hapo.

Safu hiyo iliwekwa ili mwalimu aandike ukweli: kwamba mathalan wanafunzi 31 kati ya 88 hawakuweza kutoa kwa kukopa, na kwa hiyo mada itarudiwa Jumatatu na Jumanne, na mada inayofuata itasogea mbele wiki moja. Badala yake, katika maazimio mengi mno niliyoyafungua, nimekuta maneno mawili yaliyoshuka toka juu hadi chini kwa wino mmoja, kwa mwandiko wa siku moja, na pengine kwa siku ileile tuliyotarajiwa kufika: "Somo limeeleweka." Limeeleweka Januari, limeeleweka Machi, limeeleweka Oktoba, limeeleweka hata katika wiki ambayo shajara yenyewe inasema mwalimu alikuwa kwenye semina. Wala simlaumu mwalimu peke yake. Mwalimu anayeandika kwamba somo halikueleweka huulizwa na mwalimu mkuu kwa nini yuko nyuma. Mwalimu mkuu huulizwa na Afisa Elimu Kata. Na wote huulizwa na mzazi wetu mwenye bidii, katika mkutano, mbele ya kadamnasi, silabasi imefika wapi. Mwenye kusema kweli huaibishwa na mwenye kusema uwongo hupigiwa makofi, nasi hustaajabu kwamba uwongo umezidi.

Itikadi ninayotaka kuivunja, basi, ni hii: kwamba mada iliyofundishwa ni mada iliyojulikana, na kwamba kwa sababu hiyo shule inayozimaliza mada mapema ndiyo bora, na miezi inayobakia ikijazwa mitihani ya majaribio ndiyo inayomtia mtoto akili. Mkulima wa Namtumbo angecheka akiambiwa kwamba palizi imekwisha kwa kuwa kibarua amelipita shamba zima, jembe begani, toka kingo hii hadi kingo ile, kabla jua halijawa kali. Angetaka kwanza kuona majani yaliyong'olewa. Mkulima huyohuyo, akiwa mzazi, haombi kuona chochote. Anaridhika kuambiwa kwamba mwalimu amefika kingo ya pili.

Tuchukue kalamu tuhesabu, maana jambo hili limezungumzwa sana na kuhesabiwa kidogo. Mwaka wa masomo Tanzania una siku 194. Somo lenye kipindi kimoja kila siku, cha dakika 40 kama ilivyo kuanzia darasa la tatu, lina basi vipindi 194, ambavyo ni saa 129 na dakika 20. Na mtu akiziunganisha saa hizo pamoja, usiku na mchana, hazitimizi siku sita. Huo ndio umri wote wa somo kwa mwaka. Ondoa wiki nne za mitihani ya katikati na ya mwisho wa mihula miwili, vimebaki vipindi 174. Ondoa siku ambazo mvua ya Februari imeufanya mto uwe mpaka baina ya mtoto na shule, siku ya mbio za Mwenge wa Uhuru, siku za msiba wa mwalimu au wa jirani, na siku ambazo mwalimu amekwenda mjini kufuatilia mshahara wake; mwenye busara hapangi zaidi ya vipindi 160, na kati ya hivyo huweka akiba ya kurudia. Sasa, anayetaka kumaliza Juni ameukata mwaka nusu kwa hiari yake, ilhali mada hazikukatwa. Na ikiwa darasa lina watoto 90, jambo lisilo ajabu tangu elimu bila ada ilipoanza Januari 2016 na milango ya darasa la kwanza ikafurika, basi kipindi cha dakika 40 kinampa kila mtoto chini ya sekunde 27 za mwalimu, hata kama mwalimu hasemi na darasa zima neno moja. Katika sekunde hizo ndimo tunamotaka aongeze mwendo!

Vipindi vilivyopungua havina budi vitoke mahali, navyo hutoka katika mahali pane. Hutoka kwanza katika masomo yanayodhaniwa hayana mwenyewe, kama Sanaa na Michezo, ambayo ratiba ya ukutani huyataja kwa adabu na ratiba ya kweli huyazika. Hutoka katika usingizi wa mtoto, anayeamshwa saa kumi na moja alfajiri ili ahudhurie kipindi cha kabla ya mstari, na katika Songea ya Juni na Julai, palipo na baridi inayoshuka toka milima ya Matogoro, msomaji anaweza kujikumbusha mwenyewe akili yake huwa na wepesi gani saa hiyo. Hutoka katika ulimi wa mwalimu, anayesema upesi zaidi, anayeandika ubaoni maelezo ya kunakili na kuondoka. Na hutoka, mwisho, katika kuruka: mada ngumu hufundishwa kwa jina, kisha shajara hutiwa tarehe. Pahali pa tano pa kuvipata vipindi hivyo sijapaona, na kila aliyenihakikishia kwamba shule yake ina pahali pengine, nilipofungua madaftari ya watoto wake nilikuta mojawapo ya hapa pane.

Darasa la saba, insafu inataka niseme, lina udhuru wake. Mtihani wa taifa hufanywa Septemba, na mada za mwaka huo hazina budi kwisha kabla yake. Lakini maradhi haya yameshuka ngazi. Yameshuka hadi la sita, ambako watoto hufundishwa mada za mwaka unaokuja kabla ya kuzijua za mwaka walio nao. Yameshuka hadi la nne kwa ajili ya Upimaji wa Kitaifa. Na nimeyakuta katika darasa la pili, kwa watoto wasiojua bado kutofautisha "b" na "d", ambao mwalimu wao alijisifu kwangu kwamba yuko wiki tatu mbele ya azimio. Mbele kwa nani? Watoto wake walikuwa bado Januari.

Na tazama namna madhara yanavyoingia, maana hayaingii kwa kishindo. Mwalimu wa Hisabati ana wiki mbili za kufundisha kujumlisha sehemu zenye asili tofauti, naye amezipunguza kuwa siku tatu. Hana nafasi ya kukata karatasi, wala ya kuchora mstari na kuugawa, wala ya kumsikiliza mtoto akieleza. Hutoa kanuni, kwamba utafute kigawe kidogo cha shirika, ugawe, uzidishe, ujumlishe, kisha hufanya mifano miwili, watoto hunakili, zoezi la maswali matano, kesho mada mpya. Wiki tatu baadaye uliza nusu ukijumlisha na theluthi ni ngapi. Nusu ya darasa itakuandikia sehemu mbili ya tano, yaani kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, bila ya haya. Sasa mwambie mtoto huyohuyo kwamba mama yake alikuwa na nusu debe la mahindi akaongezewa theluthi ya debe, na kwa hesabu aliyoiandika yeye mama amebaki na chini ya nusu debe. Utaona uso wake ukibadilika, maana debe analijua tangu hajaanza shule. Kubadilika kwa uso huko ndiko kufundisha. Kunachukua dakika kumi kwa mtoto mmoja mzito na dakika moja kwa mwepesi, wala hakuna azimio litakalokupunguzia. Na mtoto aliyeukosa uso huo katika darasa la tano atakutana na asilimia, uwiano, riba na aljebra, zote zikisimama juu ya sehemu asizozijua, na kila moja ikifundishwa kwa siku tatu.

Hapo ndipo inapoingia dawa ya kienyeji ya elimu yetu, nayo ni majaribio. Silabasi imekwisha, Julai imefika, mtoto hajui sehemu, afanyweje? Apewe mtihani. Akishindwa, apewe mwingine. Apewe wa shule, wa kata, wa wilaya, na wa mkusanyiko wa mitihani iliyopita unaouzwa madukani pamoja na majibu yake. Na ikiwezekana alale shuleni katika kambi, mzazi alete unga, maharage, kuni na godoro, ili mitihani ifanywe hata usiku. Nauliza, mtihani humfundisha nini asiyejua? Kupima homa kwa kipimajoto mara kumi kwa siku hakujamponya mgonjwa yeyote, na kila mama wa Songea anajua hivyo, ila akifika mlango wa shule hulisahau. Mtihani una kazi moja nzuri, kumwonyesha mwalimu pa kurudi. Lakini mwalimu aliyekwisha maliza hana pa kurudi, na karatasi za Jumatatu hazijasahihishwa bado karatasi za Jumatano zimegawiwa. Kitu kimoja tu ambacho mtoto hujifunza kwa yakini katika miezi hiyo ni kuchagua herufi. Tangu 2012, mtihani wa kumaliza elimu ya msingi ulipoanza kusahihishwa kwa mashine, ufundi wa kubahatisha umekuwa na soko: hujifunza kwamba jibu refu mara nyingi ndilo, kwamba asiache swali, kwamba palipo na machaguo matano bahati pekee itampatia moja katika kila matano. Ufundi huo humfikisha hadi siku ya mtihani. Akiingia kidato cha kwanza, ambako vitabu vimegeuka Kiingereza na maswali yanataka maelezo, ufundi huo haumsaidii hata kuandika kichwa cha habari.

Nitaambiwa kwamba haya ni maneno ya mtu wa ofisini. Basi tuwaache wa ofisini, tuwatazame watoto wenyewe. Mwaka 2010 watafiti wa mpango uitwao Uwezo walikwenda kuwapima watoto majumbani kwao, katika wilaya za Tanzania Bara, kwa hadithi fupi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Katika kila watoto 10 wa darasa la tatu, ni 3 tu walioweza kuisoma. Na katika kila 5 waliomaliza darasa la saba, mmoja hakuweza. Naomba msomaji asiipite hesabu hii upesi. Huyo mmoja alikaa darasani miaka saba, na kila mwaka katika miaka hiyo pana shajara, mahali fulani katika kabati la shule, iliyotiwa saini kwamba silabasi ya Kiswahili imekwisha. Baada ya hapo ndipo serikali ilipopunguza msongamano wa masomo katika madarasa mawili ya chini na kuleta, mwaka 2015, mtaala wa kusoma, kuandika na kuhesabu, ambao walimu waliuita KKK. Na ni mtaala huo uliotudai kwenda polepole ambao baadhi yetu walijisifu kuumaliza mapema.

Jirani zetu wa Kenya wana ushahidi mwingine, na huu huwachoma zaidi wale wanaodhani kwamba kikwazo ni vitabu peke yake. Katika Busia, miaka ya 1990, shule kadhaa zilipewa vitabu vya kiada bure na nyingine hazikupewa, ili ijulikane vitabu vinaongeza nini. Na watafiti Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin walipochapisha matokeo mwaka 2009, yalionyesha kwamba wastani wa alama haukupanda, ila wale waliokuwa hodari tangu awali ndio walionufaika. Sababu haikuwa uchawi. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, vilivyolingana na mtaala, na mtaala ulikuwa umeandikwa kwa ajili ya watoto ambao shule za Busia zilikuwa nao wachache. Na watafiti wengine, Lant Pritchett na Amanda Beatty, mwaka 2012, walibainisha kwa hesabu jambo ambalo mwalimu mzee wa darasa la kwanza angewaambia bure: kwamba mtaala unaokwenda upesi kuliko watoto huwaacha wengi nyuma mapema, na wakiisha kuachwa, kila mwaka unaoongezeka huwaongezea kidogo sana au hauwaongezei kitu. Kupunguza mwendo kunaweza kumfikisha mtoto mbali zaidi kwa miaka ileile.

"Lakini shule fulani," ataniambia mzazi, akitaja shule ya binafsi yenye basi la rangi, "humaliza Mei, na hufaulisha wote." Ndiyo, nayo huwapima watoto kabla ya kuwapokea, humrudisha darasa asiyefikia wastani au humtaka mzazi amtafutie pengine, ina watoto 35 darasani, na nyumbani kwao kuna taa, meza na dada aliyemaliza kidato cha nne. Ukiwachukua watoto hao ukawafungia maktaba mwaka mzima pamoja na mlinzi, watafaulu pia. Shule ya kata inayoiga kumaliza Mei bila ya kuwa na mengine hayo imeiga kanzu ikaacha sala. Ni jambo la kushukuru kwamba Baraza la Mitihani, Januari 2023, liliacha kutangaza shule kumi bora. Mashindano yale yalikuwa yamewafanya watu wazima wenye akili zao washindane kwa migongo ya watoto, ingawa nasikitika kuona kwamba tumeyahamishia kwenye mabango ya barabarani.

Pia maradhi haya si jambo jipya. Mwalimu Nyerere, alipotoa Elimu ya Kujitegemea Machi 1967, alilalamika kwamba shule ya msingi imefanywa daraja la kuwavusha wachache kwenda sekondari, akataka iwe elimu iliyotimia yenyewe, ya kumfaa mtoto atakayeishia hapo. Walimu wengi hulijua andiko hilo, na katika majibu ya mtihani hulirejelea. Laiti wangelirejelea pia siku ya kuandika azimio.

Kabla sijafika kwenye la kufanya, kuna biashara ndogo ninayotaka kuitaja kwa kuwa inasaidiana na maradhi haya. Siku hizi maazimio ya kazi huuzwa yakiwa tayari, kwa simu au katika vibanda vya kuchapia vya mjini, ya kila somo na kila darasa, na mwalimu hubadilisha jina la shule tu. Nimekuta azimio la shule ya Songea lililosahau kubadilishwa jina la wilaya. Aliyeliandika huko mbali hajui kwamba katika mkoa wetu wa Ruvuma mvua ni ya msimu mmoja, toka Novemba au Desemba hadi Aprili. Kwamba Januari na Februari ni palizi, na Mei hadi Julai ni mavuno, na kwamba miezi hiyo mahudhurio hupungua hata mwalimu mkuu akifoka. Kwa hiyo hupanga mada nzito katika wiki ambazo theluthi ya darasa iko shambani. Hajui kwamba 27 Februari tunawakumbuka mashujaa wa Majimaji walionyongwa hapa mwaka 1906, kwamba Makumbusho ya Majimaji yako hapahapa mjini, mtaa wa Mahenge, na kwamba mwalimu wa Historia ya Tanzania na Maadili mwenye akili angeisogeza mada ya upinzani dhidi ya Wajerumani iangukie wiki hiyo, awapeleke watoto kwa miguu, badala ya kuifundisha Septemba kwa kunakili ubaoni. Hajui kwamba mwalimu wa Jiografia na Mazingira wa upande wa Mbinga ana ngoro za Wamatengo nje ya dirisha, mashimo yanayozuia udongo wa milimani usichukuliwe na mvua, na kwamba hana haja ya picha ya kitabu. Kupanga mtaala ni kazi ya mtu anayewajua watoto hawa, katika kijiji hiki, mwaka huu. Kazi hiyo ikinunuliwa, mwalimu amelipa fedha ili asifikiri.

Sasa la kufanya, kwa kifupi, maana wenye nia wataelewa. Wiki mbili za kwanza za Januari zisiwe za mada mpya: kila mwalimu awapime watoto wake kwa mambo ya mwaka uliopita, kusoma aya moja kwa sauti na hesabu kumi za msingi, aandike majina ya walioshindwa na nini kimewashinda, na azimio liandikwe baada ya hapo badala ya Desemba. Mada zigawanywe: za shina, ambazo nyingine zote husimama juu yake, zipewe vipindi vingi na ziwekwe miezi ya mahudhurio mazuri, za matawi zipewe vichache. Kila wiki ya tano iachwe tupu kwa kurudia. Hisabati na kusoma ziwe asubuhi. Walioachwa sana wakusanywe kwa kiwango chao, hata wakitoka madarasa tofauti, saa moja kwa siku, kama lifanyavyo shirika la Pratham kule India. Jaribio moja kwa mwezi latosha, ila lisahihishwe na lirudiwe swali kwa swali. Mwalimu wa taaluma aache kukagua maazimio peke yake, akague madaftari matano ya watoto wa kila darasa, yaliyochaguliwa na yeye na si na mwalimu wa darasa. Taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, ambazo Baraza la Mitihani huzichapisha kwa kila somo na kueleza watoto walikosea wapi na kwa nini, zisomwe katika vikao vya MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini; hazina bei, na ni bora kuliko rundo la mitihani ya kununua. Kamati ya shule ishughulikie uji wa saa nne kabla ya kushughulikia kambi. Na mwalimu anayeandika "halikueleweka, narudia" asiitwe ofisini isipokuwa kwa kushukuriwa.

Haya yana haraka yake. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza Januari 2024 katika darasa la awali, la kwanza na la tatu, umeifanya elimu ya msingi miaka sita; na kwa utaratibu uliotangazwa, mwaka 2027 darasa la sita la mtaala mpya na darasa la saba la mtaala wa zamani watamaliza pamoja. Tayari nimesikia wazazi wakidai kwamba ya miaka saba sasa yafundishwe kwa sita, na walimu wakiahidi kwamba yatafundishwa kwa mitano na nusu. Mtaala haukudai hivyo. Umepunguza, umeunganisha, na umeweka umahiri mbele ya wingi wa mada. Wanaodai ni wale wa makofi. Kwa hiyo mkutano wa Januari ukiitishwa, mzazi aache swali lake la zamani nyumbani, aje na daftari la Hisabati la mwanawe, alifungue katika ukurasa wenye makosa mengi, na aulize mada hiyo itarudiwa wiki gani. Mwalimu aliyeliandika azimio lake mwenyewe ataweka kidole juu ya wiki hiyo.